Fainali ya kombe la taifa na safari ya Bandari: mcheza kwao hutuzwa

Mwaka 2018 Bandari ilimaliza Ligi Kuu ya Kenya ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia. Haikwenda popote. Msimu uliofuata ikamaliza ya pili tena, nyuma ya Gor Mahia hiyo hiyo, na mara hii ikapanda ndege kwenda kucheza Sudan, Tunisia na Guinea. Tofauti ya misimu hiyo miwili ni mechi moja tu: fainali ya kombe la taifa ya mwaka 2019, ambapo Bandari iliifunga Kariobangi Sharks mabao 3-1.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kombe hili, na ndiyo sababu yafaa kila shabiki wa Likoni, Kisauni na Changamwe alijue vizuri. Ligi humtuza aliyekuwa bora mwaka mzima. Wa pili hupewa pongezi na kuambiwa ajaribu tena. Kombe hufungua mlango wa pili wa kuingia Afrika, na mlango huo uko wazi hata kwa timu ambayo haina udhamini mkubwa wala basi lake. Makala haya yaeleza kombe lenyewe ni lipi, fainali yake huendeshwa vipi, Pwani imefanya nini ndani yake, na kwa nini tukishinda bado twajikuta twacheza ugenini.

Kombe lenyewe ni lipi

Kombe la taifa ni mashindano ya mtoano yanayosimamiwa na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF. Mtoano maana yake ni kwamba ukifungwa mara moja, umekwisha. Hakuna pointi za kuhesabu wala mechi ya marudiano ya kurekebisha makosa ya juzi.

Chanzo cha mtindo huu ni Uingereza, ambako Kombe la FA lilianza msimu wa 1871-72, kabla hata ya ligi kuwapo. Wazo lilikuwa jepesi: timu zote zitiwe kwenye chungu kimoja, majina yachotwe, wakubwa na wadogo wakutane kama bahati itakavyopanga. Nchi nyingi duniani zimelichukua wazo hilo, na yetu ni mojawapo.

Wengi hulichanganya kombe hili kwa sababu halikai na jina moja. Wazee wetu walilijua kama Moi Golden Cup. Baadaye likaitwa Kombe la Rais. Mwaka 2015 lilikuwa GOtv Shield, mwaka 2019 SportPesa Shield, mwaka 2021 Betway Cup, na kuanzia 2023 limebeba jina la Mozzart Bet. Majina haya matatu ya mwisho yote ni ya kampuni za kamari, jambo ambalo mzazi mwenye kijana wa miaka 16 mtaani ana haki ya kuliuliza. Lakini kombe ni lile lile. Anayelishinda huandikwa kwenye orodha moja na waliotangulia.

Hesabu ya mtoano

Tuchukue mfano wa timu 64. Raundi ya kwanza hutoa 32, zinabaki 32. Halafu 16, halafu 8 za robo fainali, 4 za nusu fainali, na mwisho 2. Bingwa atakuwa ameshinda mechi 6. Linganisha na ligi ya timu 18, ambako kila timu hucheza mechi 34. Kwa timu ndogo, kushinda mechi 6 ni kazi ngumu lakini yawezekana. Kudumu kileleni kwa mechi 34, bila wachezaji wa akiba wa kutosha na bila mishahara ya uhakika, ni hadithi nyingine.

Timu za madaraja ya chini huanza mapema, kwenye viwanja vya mitaani na vya mikoa, na zile za Ligi Kuu huingia baadaye. Hapo ndipo timu ya daraja la chini huweza kujikuta imepangiwa Gor Mahia au AFC Leopards, na mtaa mzima ukahama kwenda kutazama.

Wala si ndoto tu. Mwaka 2015 Nakumatt ilifika fainali ikiwa nje ya Ligi Kuu. Mwaka 2025 Nairobi United, iliyokuwa ikicheza daraja la pili msimu huo, iliifunga Gor Mahia 2-1 kwenye fainali. Klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini ikashuhudia kombe likichukuliwa na timu ambayo watu wengi hapa Pwani walikuwa hata hawajaisikia. Miezi michache baadaye Nairobi United iliitoa Étoile du Sahel ya Tunisia na kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Siku ya fainali

Fainali ni mechi moja, na kwa kawaida huchezwa kwenye uwanja ambao shirikisho limeuchagua, si nyumbani kwa yeyote kati ya wawili hao. Mara nyingi hutanguliwa na mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, hivyo shabiki aliyelipa kiingilio huona michezo miwili.

Dakika 90 zikimalizika kwa sare, kanuni za mashindano ya mwaka huo ndizo huamua kama kutakuwa na muda wa ziada au kama timu zitakwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Kila upande hupiga mitano. Bado wakiwa sawa, huendelea mmoja mmoja hadi mmoja akose na mwenzake apate. Fainali ya Julai 2021 kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, mahasimu wa jadi, ilikwisha bila bao, na Gor Mahia wakalitwaa kombe kwa penalti. Katika mechi kama hiyo, kazi ya mwaka mzima humwangukia kipa na mpigaji, na asiyekuwa na moyo mgumu huiacha redio akatoka nje.

Mshindi hupata nini

Kwanza ni kombe lenyewe na medali. Pili ni fedha. Mwaka 2019 bingwa alipewa shilingi milioni 2. Ni fedha nzuri, lakini ukizigawa kwa kikosi, makocha, nauli na malazi, utaona hazitoshi kuiendesha klabu ya Ligi Kuu kwa muda mrefu.

Zawadi kubwa ni ya tatu: tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mashindano haya yalianza 2004, pale CAF ilipoyaunganisha mashindano yake mawili ya zamani, likiwemo Kombe la Washindi lililoanzishwa 1975. Mabingwa wa ligi huenda Ligi ya Mabingwa, na washindi wa makombe ya taifa huenda Kombe la Shirikisho.

Kenya ina historia kwenye njia hii. Gor Mahia walilitwaa Kombe la Washindi mwaka 1987 kwa kutoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi, wakapita kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la klabu la bara zima la Afrika. Na hilo lilipatikana kwa mlango wa kombe, si wa ligi.

Pwani katika kombe

Mombasa si mgeni katika soka ya nchi hii. Ligi ya taifa ilianza 1963, na mwaka wa tatu tu, 1965, bingwa alikuwa Feisal ya Mombasa. Tangu hapo hakuna timu nyingine ya Pwani iliyolichukua taji la ligi. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa Feisal leo ni babu na nyanya.

Katika miaka hii yetu, timu iliyobeba jina la Pwani ni Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya. Uwanja wake wa Mbaraki uko kisiwani, lakini bandari yenyewe haikukaa kisiwani peke yake. Kituo cha makontena cha Kipevu kiko upande wa Changamwe. Wafanyakazi wake hulala Changamwe, Mikindani, Likoni na Kisauni, na asubuhi huvuka Makupa, kivuko cha Likoni au daraja la Nyali kwenda kazini. Bandari ikicheza, timu ni ya mji mzima, na sehemu kubwa ya mji huo iko ng'ambo ya kisiwa.

Mwaka 2015 Bandari iliifunga Nakumatt 4-2 na kulitwaa kombe. Ilikuwa raha kubwa, lakini safari ya Afrika ya mwaka uliofuata ilikuwa fupi: walitolewa mapema na Saint-Éloi Lupopo ya Kongo.

Mwaka 2019 ulikuwa na uzito zaidi. Januari mwaka huo, Bandari chini ya kocha Bernard Mwalala ilikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya SportPesa ya klabu za Kenya na Tanzania. Iliitoa Simba kwenye nusu fainali, ndani ya Dar, kwa mabao 2-1. Kwenye fainali ikakutana na Kariobangi Sharks na kufungwa 1-0. Zawadi ya Sharks ilikuwa kucheza na Everton ya Uingereza, mechi iliyofanyika Nairobi mwezi Julai.

Kwa hivyo timu hizi mbili zilipokutana tena kwenye fainali ya kombe la taifa, Bandari ilikuwa na deni la kudai. Sharks walikuwa mabingwa watetezi, wamelichukua kombe mwaka 2018 na kuichukua tiketi ya Afrika ambayo Bandari, kwa nafasi ya pili ya ligi, haikuipata. Ushindi wa 3-1 ulilipa vyote viwili. Nahodha Felly Mulumba na wenzake wakarudi Mombasa na kombe, na kipa Farouk Shikalo akasajiliwa na Yanga ya Tanzania muda mfupi baadaye. Yaani kombe lilikuwa limewafungulia wachezaji nao mlango.

Nyumbani ni wapi

Hapa ndipo hadithi hugeuka chungu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Bandari ilipata haki ya kucheza Afrika, lakini haikupata pa kuchezea.

CAF hukagua viwanja kabla ya kuruhusu mechi zake: nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, viti, taa, sehemu ya waandishi, milango ya dharura. Mbaraki ni uwanja wa klabu, na haukufikia kiwango hicho. Uwanja wa Manispaa pale Tononoka, ambao ungekuwa jibu, ulikuwa umefungwa kwa ujenzi. Basi mechi za "nyumbani" za Bandari zikapelekwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kivuko cha Likoni.

Matokeo yao yatazame kwa jicho hilo. Waliicheza Al-Ahly Shendi ya Sudan bila kufungana kule Kasarani, wakaenda kwao wakatoka 1-1 na kupita kwa bao la ugenini. Wakaifunga Ben Guerdane ya Tunisia 2-0 Kasarani, wakafungwa 2-1 kwao, wakapita kwa jumla ya 3-2. Walibakisha hatua moja tu kuingia makundi, na hapo ndipo walipotolewa na Horoya ya Guinea.

Hatuwezi kudai kwamba wangecheza Mombasa wangewatoa Horoya. Mpira hauendi hivyo. Lakini twajua kitu ambacho Mwarabu wa Tunisia au mchezaji wa Guinea hakukiona: joto na unyevu wa Mombasa saa tisa alasiri, ngoma, na watu elfu kadhaa wanaoijua timu yao kwa majina. Bandari ilicheza Nairobi, mji wa baridi na wenye mashabiki wa timu nyingine. Shabiki wa Shika Adabu aliyetaka kuiona timu yake ikicheza "nyumbani" alihitaji nauli ya basi la usiku au tiketi ya treni kutoka Miritini, na siku ya kazi aliyoikosa. Wengi waliishia kusikia matokeo kwa simu.

Hasara hiyo ina sura nyingine pia. Mechi ya Afrika huja na wageni, hoteli hujaa, muuza mahamri na muuza madafu hupata, mwenye tuktuk hupata. Yote hayo yaliachwa Nairobi.

Jirani ametuonyesha

Haikuhitaji kwenda mbali kuona jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Vuka maji hadi Unguja. Mei 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho la Afrika, kombe lile lile ambalo Bandari ililikimbilia, ilichezwa uwanja wa Amaan, Zanzibar. Simba walitoka 1-1 na RS Berkane ya Morocco, na Wamorocco wakalichukua kwa jumla ya 3-1. Simba walilia, lakini Wazanzibari walikuwa wameiona fainali ya Afrika kwa macho yao. Agosti mwaka huo huo, mashindano ya CHAN yalipoletwa Kenya, Tanzania na Uganda, Amaan ulikuwa miongoni mwa viwanja. Kwa upande wa Kenya mechi zote zilichezwa Nairobi, kwenye Kasarani na Nyayo. Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa nchini, ulitazama kwenye televisheni kama kijiji chochote.

Watu wa Amaan ni Waswahili kama sisi, wenye pepo zile zile na chumvi ile ile inayokula vyuma. Kwa hivyo sababu ya hali ya hewa haipo.

Sisi wa ng'ambo tufanye nini

Mtu aweza kuuliza: haya ya uwanja ni ya serikali, mimi wa Bombolulu au Mtongwe nina nafasi gani? Nafasi ipo, na yaanza mbali sana na fainali.

Kwanza, timu zetu zisajiliwe. Kombe liko wazi kwa timu zilizomo kwenye madaraja rasmi ya FKF, si kwa timu za maskani. Tuna vijana wanaocheza kila jioni, na mashindano ya Ramadhani na ya Desemba hujaza watu hadi juu ya kuta. Lakini timu isiyo na usajili, kocha mwenye cheti wala daftari la wachezaji haiwezi kuingia kwenye chungu cha droo, hata iwe na kipaji gani. Kulipia usajili na kupanga karatasi ni kazi ya wazee wa mtaa na wafanyabiashara wadogo, na gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya jezi mpya.

Pili, raundi za mwanzo zihudhuriwe. Fainali yenye kamera haina uhaba wa watu. Mechi ya raundi ya kwanza kwenye uwanja wa vumbi ndiyo ambayo kijana wa miaka 18 humwona jirani yake amesimama ukingoni, akajua kwamba anachokifanya kina maana. Wasichana nao wapewe uwanja na wakati wao, kwa kuwa mpira wa wanawake unakua kote Afrika na Pwani isiachwe nyuma mara ya pili.

Tatu, swali la uwanja liulizwe kila penye kikao: kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti, ambako sheria inampa mwananchi haki ya kutoa maoni, na kwa kila anayekuja kuomba kura. Lisiulizwe kwa matusi wala kwa chama. Swali ni moja na ni jepesi: Bandari au timu nyingine ya Pwani ikilitwaa kombe tena, itacheza wapi mechi yake ya nyumbani?

La kukumbuka

Fainali ya kombe la taifa huonekana kama alasiri moja, lakini nyuma yake kuna ngazi: usajili mtaani, raundi za vumbi, robo, nusu, halafu ile mechi ambayo mshindi hupewa Afrika. Mwaka 2015 na 2019 timu yetu ilizipanda ngazi zote hizo ikafika juu. Ngazi iliyokosekana ni ile ya kurudi nyumbani na kuchezea mbele ya watu wake. Kijana wa Changamwe aliyekuwa na miaka 10 Bandari ilipoifunga Sharks sasa amekua, na bado hajaiona timu yake ikicheza mechi ya Afrika hapa Mombasa. Akiulizwa kwa nini, asiwe yeye wa kujibu.